Dua kwa Mtawala, Dua kwa Madhulumu

Katika ibada zote za Kikristo hakuna iliyo nyepesi kutamkwa wakati wa amani, na nzito kinywani wakati wa dhuluma, kama dua ya kumwombea mwenye kutawala. Mtume Paulo, alipomwagiza Timotheo kwamba maombi yafanywe kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, hakuwa akiishi chini ya dola ya insafu; dola ile ndiyo iliyomtia minyororo, na mapokeo ya Kanisa yasema kuwa ndiyo iliyomwua. Kabla yake Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wauombee amani mji ule ule uliowateka. Clement wa Roma, mwishoni mwa karne ya kwanza, alitia katika waraka wake kwa Wakorintho dua ndefu kwa ajili ya watawala. Na Cyprian, Askofu wa Carthage, aliposimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi mwaka 257, alijibu kwamba Mungu yule anayekatazwa kumwabudu ndiye anayemwomba usiku na mchana kwa ajili ya salama ya makaisari wenyewe. Akahukumiwa kuhamishwa mji wake, na mwaka uliofuata akakatwa kichwa.

Wako waliosema tangu zamani, na wasemao hayo hawajakwisha, kwamba dua ya namna hii ni sanaa ya mnyonge anayembusu mkono asioweza kuukata. Mimi siafiki. Naona kwamba mtu alitajaye jina la mtawala mbele za Mungu, hata akilitaja kwa taadhima, amekwisha kumweka mtawala huyo chini ya hakimu aliye mkuu kuliko yeye; na kwamba mtu huyo huyo, akiwaombea pia waliofungwa na waliouawa, hawezi kwa muda mrefu kuyatenga maombi hayo mawili, kwani jina la mwenye kuua na jina la aliyeuawa yatakutana katika kinywa kimoja, siku moja, juu ya magoti yale yale. Kitokeacho baada ya makutano hayo ndicho nitakacho kukieleza, nami nimechagua nchi ya Uganda, kwa sababu huko jambo hili lilitokea mara mbili katika muda usiotimia miaka mia, na kwa sababu sisi wasemao Kiswahili tumo ndani yake kuliko tunavyodhani.

Dua ya Kikristo iliingia katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, kwa Kiswahili. Mwaka 1875 mvumbuzi Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, alikuwa amefuatana na kijana aitwaye Dallington Muftaa, aliyekombolewa utumwani na kulelewa na misheni ya Waanglikana kule Unguja. Na Stanley alipoondoka, kijana huyu aliachwa barazani kwa Kabaka ili amsomee na kumfasiria Maandiko katika lugha iliyokuwa ikitumika huko kwa biashara na kwa elimu ya dini. Uislamu ulikuwa umetangulia kufika, na Mutesa mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani kadhaa. Walakini vijana wa Kiislamu wa jumba lake walipokataa kula nyama isiyochinjwa kwa mujibu wa sheria yao, Kabaka aliona kuwa utii wao una bwana mwingine, akaamrisha wauawe, nao wapatao 70 waliuawa, wengi wao Namugongo. Hao ndio waliotangulia, na haifai historia ya mashahidi wa Uganda isimuliwe bila wao kutajwa, maana ardhi iliyonywa damu yao ndiyo iliyonywa damu ya Wakristo miaka 10 baadaye.

Wamisionari wa Kianglikana walifika tarehe 30 Juni 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki wakafika mwaka 1879. Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga, kijana mwenye khofu ya wageni na ya jamaa zake mwenyewe, akashika hatamu. Tarehe 31 Januari 1885 watoto watatu wa misheni, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walikatwa na kutiwa motoni, na waliokuwapo wakasimulia kwamba walikwenda wakiimba wimbo wa sifa waliofundishwa, nao ulikuwa kwa Kiswahili. Oktoba ya mwaka ule Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Novemba ikafika zamu ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mtu mzima mwenye cheo katika jumba la Kabaka, ambaye alikuwa amethubutu kumlaumu bwana wake kwa mauaji ya Hannington.

Juu ya Balikuddembe napenda nisimame kidogo. Wakatoliki wa Uganda wamehifadhi maneno aliyomwachia yule aliyetumwa kumwua, ambayo maana yake ni kuwa Kabaka ameniua bila haki, nami namsamehe kwa moyo wangu wote. Lakini na atubu, kwani asipotubu nitakuwa mshitaki wake mbele za Mungu. Mwenye kusoma kwa haraka huona hapo mambo mawili yanayopingana, msamaha na mashitaka. Kwangu mimi ni jambo moja. Mtu asiyemtakia Mwanga mema asingejisumbua kumtumia onyo katika dakika ambayo roho yake mwenyewe ilikuwa ikitoka. Na mtu asiyeamini kuwa kosa ni kosa asingekuwa na cha kusamehe. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa Namugongo, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi wa miaka ile kuwa watakatifu.

Kisha zikaja zama za Waingereza, ambapo kumwombea mtawala kulikuwa kusoma tu kile kilichochapishwa katika Kitabu cha Sala, jina la mfalme likifuatana na majina ya jamaa zake, na hakuna aliyetetemeka. Kazi kubwa ya miaka ile ilifanyika mahali pengine. Kuanzia Gahini, katika Rwanda, miaka ya thelathini, ulitokea uamsho ambao wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, nao ukaenea hadi Kigezi, Buganda, Bukoba, Dodoma na milima ya Wakikuyu. Ndugu hawa walikuwa na desturi ya kukutana majumbani, kuungama makosa yao mbele ya wenzao waziwazi, na kuambiana ukweli bila kutazama cheo. Katika Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki za serikali, na wako waliouawa kwa sababu hiyo. Nayataja haya kwa kuwa viongozi wawili wa Kanisa nitakaowaeleza, Janani Luwum na Festo Kivengere, walitoka katika ndugu hao. Luwum, Mwacholi aliyezaliwa Mucwini mwaka 1922, mwalimu wa skuli, aliokoka Januari 1948. Kivengere, mtu wa Kigezi, alifundisha skuli Dodoma kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa chema hata akawa mkalimani wa mhubiri Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960.

Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Wakristo wengi walifurahi, na watu wa Buganda walifurahi kuliko wote, kwani walikumbuka jinsi Obote alivyolishambulia jumba la Kabaka mwaka 1966, wakasahau kwamba aliyeongoza askari siku ile alikuwa Amin mwenyewe. Mtawala mpya aliurudisha mwili wa Kabaka Mutesa wa Pili kutoka Uingereza ukazikwa Kasubi kwa heshima. Akaunda idara ya mambo ya dini. Na Novemba 1971, Waanglikana walipokuwa wakigombana hata dayosisi za Buganda zikataka kujitenga, ni yeye aliyewakusanya maaskofu na mabaraza yao Kampala, akawaambia wasiondoke mpaka wapatane. Wakapatana. Kivengere alihubiri katika mkutano ule, machozi yakatoka, mikono ikashikwa. Huenda ikawa uchungu kuliandika jambo hili, walakini ni kweli, na bila kulijua hatutafahamu kwa nini dua za mwaka ule zilijaa shukurani, wala kwa nini ilichukua muda hata zikabadilika.

Na hazikubadilika upesi kama ilivyopasa. Agosti 1972 Amin alitangaza kuwa watu wa asili ya Bara Hindi waondoke katika siku 90, na sauti za makanisa kuwatetea zilikuwa chache na za chini. Tarehe 21 Septemba mwaka ule ule Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, ambaye kabla ya uhuru alikuwa mkuu wa serikali na ambaye alikuwa mwana mkubwa wa Kanisa Katoliki, alitolewa katika Mahakama Kuu mchana kweupe, akatiwa garini, asionekane tena. Januari 1973 Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, aliuawa. Hapo ndipo watu walipoanza kufahamu kuwa kumwombea Rais na kuwaombea waliopotea si kurasa mbili za kitabu.

Tarehe 10 Februari 1973, katika uwanja wa michezo wa Kabale, watu watatu walipigwa risasi hadharani, wananchi wakiwa wameamrishwa kuhudhuria. Kivengere, aliyekuwa askofu wa jimbo lile tangu mwaka uliotangulia, alimwendea Amin kuwaombea wasiuawe. Hakusikilizwa, akapata ruhusa tu ya kusema nao kabla ya kufa. Yeye mwenyewe amesimulia yaliyotokea. Alikuwa na mashaka, hajui aanze vipi. Lakini wa kwanza wao aligeuka, uso umemchangamka, akamshukuru kwa kuja, akamwambia kuwa siku aliyokamatwa, ndani ya chumba cha mahabusi, alimwomba Yesu aingie katika maisha yake, naye ana amani. Akamtaka amwambie mkewe na jamaa zake. Wa pili na wa tatu wakasema mfano wa hayo. Kivengere akaona kwamba maneno haya yawapasa wale askari kuliko yanavyowapasa waliofungwa, akawageukia wenye bunduki na kuwatafsiria yote katika lugha waliyoifahamu. Askari wakapigwa na bumbuazi hata wakasahau kuwafunika nyuso wale mahabusi kama ilivyokuwa amri. Nao wale watatu wakainua mikono iliyotiwa pingu, wakawapungia watu, na watu wakawapungia. Kisha risasi zikalia. Tazama aliyoyafanya askofu huyu katika dakika zile: alikwenda kwa mtawala kumwombea raia, alikwenda kwa raia kumwombea kwa Mungu, kisha akasimama mbele ya askari akawahudumia na wao. Sijui mahali pengine katika historia yetu ambapo dua zote tatu zilikusanyika katika uwanja mmoja wazi namna ile.

Mwaka ule ule Amin alitoa amri ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa. Sisi wa pwani tungepaswa kufurahi. Lakini katika Uganda ya siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani, iliyosikiwa usiku mlango unapogongwa. Lugha ambayo watoto wa mwaka 1885 waliimbia sifa wakienda kufa, sasa raia waliisikia kwa wenye kuwapeleka kufa. Machungu hayo hayajafutika kwa Waganda wengi hata leo, nao wana udhuru.

Luwum alipotawazwa kuwa Askofu Mkuu mwaka 1974, baada ya Erica Sabiti, ofisi yake ya Namirembe, Kampala, ilikuwa imekuwa mahali pa wajane. Wanawake walikuja na majina ya waume waliochukuliwa, naye akayachukua majina hayo, akaenda mwenyewe hadi kwenye idara ya upelelezi iliyoogopwa na kila mtu, akauliza, akasihi, na pengine akafaulu mtu akatolewa. Aliendelea kuhudhuria sherehe za serikali na kukaa karibu na Amin, na wako waliomlaumu kwa ajili hiyo, wakisema anampa dhalimu heshima ya kanzu yake. Nafahamu lawama hizo. Hata hivyo mlango uliofungwa hauwezi kupitishwa maombi ya mfungwa, na Luwum alichagua kuuweka mlango wazi kadiri alivyoweza, akijua kuwa siku moja utamfungia yeye.

Isidhaniwe kuwa hii ilikuwa vita ya Waislamu na Wakristo. Amin alikuwa Mwislamu kwa jina na kwa madai, lakini Waislamu pia waliuawa kwa amri zake, na mwaka 1976, baada ya askari kuwashambulia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, viongozi wa Kianglikana, wa Kikatoliki na wa Kiislamu walikutana pamoja, Luwum akiwa mwenyekiti, kujadili mauaji, unyang'anyi na uwezo usio na mipaka wa wapelelezi. Mkutano huo ulimkasirisha Amin sana. Mtawala aliyewazoea viongozi wa dini kama watu wa kupatanishwa naye, sasa aliwaona wamepatana bila yeye.

Tarehe 30 Januari 1977, kule Bushenyi, maelfu ya watu walikusanyika kwa kuwekwa wakfu askofu mpya wa Ankole Magharibi. Kivengere alihubiri juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu, mbele ya maofisa wa serikali na wa jeshi walioketi viti vya mbele, akawaambia kuwa mamlaka waliyo nayo wamepewa na Mungu, kisha akawauliza wameyatumia vipi. Watu walitoka wakinong'onezana kuwa litatokea jambo.

Lilitokea usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari. Yapata saa saba na nusu mbwa alibweka katika nyumba ya Askofu Mkuu juu ya kilima cha Namirembe. Luwum akashuka, akamwona mlangoni mtu anayemjua, naye alikuwa amepigwa, na mara askari waliokuwa wamevunja ua wakajitokeza wakaingia. Mmoja alimwekea bunduki tumboni, akamtaka aonyeshe silaha. Walipekua vyumba vya kulala, wakapekua chumba cha kusomea, wakaingia katika kikanisa chake kidogo wakatazama chini ya meza ya Bwana, wakaenda ghalani wakazamisha mikono yao katika magunia ya ulezi, ufuta na karanga. Hawakuona kitu. Katika maelezo aliyoyaandika baadaye juu ya usiku ule, Luwum anasema aliwajibu kuwa nyumba hii ni nyumba ya Mungu. Kuwa wao humwombea Rais, na huviombea vikosi vya usalama, lolote watendalo. Na kuwa kazi yao ni hiyo na kuhubiri Injili, si kuweka silaha. Ilipofika saa tisa askari walitaka kuondoka. Mkewe alisema hafungui lango, na waondoke kwa njia waliyojia, yaani pale walipovunja ua. Luwum akasema sisi ni Wakristo na mioyo yetu ni safi, akaenda akawafungulia lango.

Mwenye kutaka kuijua dua ya kumwombea mtawala ilikuwa nini katika Uganda, na aanzie katika jibu lile. Mtu aliyelitoa hakuwa akijikomba, kwani alikuwa na bunduki tumboni na alijua kuwa maneno hayo hayatamwokoa. Wala hakuwa akisema kisichokuwapo, kwani dua ya kumwombea Rais ilisomwa kweli katika makanisa yake, na Balokole walimtaja Amin kwa jina katika mikutano yao ya majumbani. Alikuwa akisema ukweli wa kazi yake. Na siku tano tu baada ya kulitoa jibu hilo, yeye pamoja na maaskofu wenzake walitia sahihi barua kwa Rais, ya tarehe 10 Februari, ambayo katika historia ya Kanisa la Afrika ya Mashariki sijaona iliyoipita kwa ushujaa.

Barua ile ilikuwa ya adabu mwanzo hadi mwisho. Ilimwambia Rais kwamba ikiwa nyumba ya Askofu Mkuu yavamiwa usiku, basi hali ya raia wa kawaida ni mbaya kuliko hiyo. Kwamba bunduki iliyowekwa kumlinda raia na mali yake sasa yatumika kumnyang'anya mali na uhai. Kwamba wapelelezi wamekuwa na uwezo juu ya watu usiokuwa na kikomo. Kwamba wasomi wanaikimbia nchi. Na kwamba maaskofu wanaomba kuonana naye uso kwa uso. Nakala zilipelekwa kwa mawaziri na kwa viongozi wa dini nyingine. Hakuna neno la kumtukana, wala hakuna neno la kumwondolea wajibu wake. Ni barua ambayo haiwezi kuandikwa na mtu amchukiaye anayemwandikia, kwani chuki ingaliona haina haja ya kuomba mazungumzo. Wala haiwezi kuandikwa na mtu amwogopaye kuliko Mungu. Balikuddembe angaliifahamu.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa katika bustani za hoteli ya Nile Mansions, mjini Kampala, wakasimamishwa juani saa nyingi, mbele ya askari wengi na mabalozi, silaha zikiwa zimepangwa chini ili zionekane kuwa ndizo zilizokamatwa. Yakasomwa maandishi ya kuwashitaki kuwa wana shauri moja na Obote. Luwum alitikisa kichwa. Askari wakaulizwa wahaini hawa wafanywe nini, wakapiga kelele wauawe. Baadaye maaskofu wakaruhusiwa kwenda zao, ila Askofu Mkuu akaambiwa kuwa Rais anamtaka. Na Luwum, kwa walivyosimulia wenzake, alikwisha kujua kuwa atauawa, akawaambia haogopi. Asubuhi ya pili redio ya serikali ikatangaza kuwa yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeisadiki. Mwili ulipelekwa Mucwini, kijijini kwake, ndani ya jeneza lililofungwa, chini ya ulinzi wa askari waliotaka uzikwe upesi. Na waliolifungua waliona matundu ya risasi.

Namirembe walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi, kando ya kaburi la Hannington. Serikali ilikataza ibada ya maziko. Walakini Jumapili ya tarehe 20, ibada ya kawaida ilipokwisha, watu kwa maelfu hawakwenda makwao, walikizunguka kile kiwanja cha makaburi wakatazama shimo lisilo na mtu. Mzee Erica Sabiti, Askofu Mkuu wa zamani, akawakumbusha maneno waliyoambiwa wanawake asubuhi ya Pasaka, kwamba yule wanayemtafuta hayupo hapa. Na watu wakaimba. Waliuimba wimbo wa mashahidi, ule ule ulioimbwa kwa Kiswahili mwaka 1885, sasa kwa Kiganda.

Kivengere alionywa kuwa jina lake ndilo lifuatalo, akavuka milima ya Kigezi kwa miguu usiku, yeye na mkewe Mera, akaingia Rwanda. Kuhusu miezi iliyofuata ameandika bila kujificha: alikuwa na uchungu juu ya Amin uliomfanya ajione amekauka, na dua yake imekuwa maneno tu. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa ameketi katika kanisa la All Souls, London, yalisomwa maneno ya Yesu ya kuwaombea waliomsulubisha, naye akaona kuwa katika orodha ya wenye kuombewa Amin hakuondolewa. Kitabu alichokitoa mwaka 1977 kilikuwa na jina lililowashangaza wengi na kuwaudhi baadhi ya wakimbizi wenzake, maana kilisema kuwa anampenda Idi Amin. Wakimbizi hao siwalaumu hata kidogo. Aliyepoteza baba au ndugu ana haki ya kupumzika kabla ya kuambiwa asamehe, na mtu mwingine hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake. Lakini nawakumbusha wasomaji kuwa huyo aliyesema anampenda Amin hakuacha kusema, kila alikokwenda ulimwenguni, yale Amin aliyoyatenda.

Nyumbani Uganda Silvanus Wani, Mkakwa kama Amin na aliyepata kuwa kasisi wa jeshi, alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu, na Juni 1977 Kanisa likaadhimisha miaka 100. Septemba ya mwaka ule jumuiya 27 za dini zilipigwa marufuku, Wapentekoste, Wabatisti, Wasabato na Jeshi la Wokovu miongoni mwao, na wengi wa waumini hao wakaendelea kusali kwa siri majumbani. Makadirio ya waliouawa katika miaka minane ya utawala ule hutofautiana sana, na yatajwayo mara nyingi hufikia 300,000. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala, na Kivengere akarudi Kigezi. Amin alifia Jeddah mwaka 2003.

Mambo hayakuishia hapo, na mwandishi akomeshaye hadithi penye shangwe za Aprili 1979 huwaacha wasomaji wake na nusu ya habari. Obote alirudi madarakani Desemba 1980, na vita vya serikali yake na waasi huko Luwero vikawaua watu kwa maelfu mengi, safari hii mikononi mwa serikali ambayo viongozi wake wengi walikuwa Waanglikana. Yona Okoth, Askofu wa Bukedi, ambaye nyumba yake ilipekuliwa na yeye mwenyewe kukamatwa siku ile ile ya Februari 1977 ilipopekuliwa nyumba ya Luwum, akawa Askofu Mkuu mwaka 1984. Na wengi katika Buganda walimlaumu kuwa yu karibu mno na Obote, na kuwa sauti ya Namirembe juu ya Luwero haikuwa ile ya barua ya tarehe 10 Februari. Lawama hizo zilidumu muda mrefu ndani ya Kanisa, na baadhi ya waliozitoa walikuwa miongoni mwa waliosimama kando ya lile kaburi tupu. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko Uganda kwa kumbukumbu ya Luwum. Viongozi wa serikali huja Mucwini, maaskofu huwapokea, na dua ya kumwombea Rais husomwa mbele yake akiwapo.